Wimbo Usio na Mwenyewe

Watunzi wa pwani wana desturi ya kutaja majina yao katika beti za mwisho, ili utungo ujulikane umetoka kwa nani. Nyimbo za kijadi hazina ubeti huo. Hupokewa kinywa kwa kinywa, na kila apokeaye huongeza lake au hupunguza. Je, mtu akitwaa pambo ambalo mwenzake amelitia katika wimbo wa namna hiyo, amekopa au ameiba?

Swali hili lilizuka kwa uchungu Greenwich Village, mtaa wa jiji la New York, Marekani. Tangu miaka ya 1940, waimbaji walikuwa wakikusanyika Jumapili na magitaa yao kwenye bustani ya Washington Square. Tarehe 9 Aprili 1961, baada ya kunyimwa kibali, waliandamana kudai haki ya kuimba hapo, na hatimaye katazo likaondolewa. Katika mtaa huo ilikuwa rahisi kuamini kwamba nyimbo ni za wote.

Mmoja wa magwiji wa mtaa alikuwa Dave Van Ronk. Miongoni mwa wageni wa mwaka huo alikuwamo kijana Bob Dylan, aliyepokewa nyumbani kwa Van Ronk na kujifunza mengi kwake. Van Ronk aliuimba “House of the Rising Sun”, wimbo wa zamani juu ya maisha yaliyoharibika mjini New Orleans. Aliupata katika santuri ya Hally Wood. Naye Hally Wood aliupata kwa Georgia Turner, msichana wa Kentucky ambaye sauti yake ilinaswa na Alan Lomax mwaka 1937. Hiyo ndiyo silsila yake. Van Ronk aliongeza mpangilio mpya wa gitaa, wenye sauti nzito zishukazo hatua kwa hatua chini ya maneno.

Mwishoni mwa 1961 Dylan alimwomba ruhusa ya kuurekodi kwa mpangilio huo. Van Ronk alimsihi asubiri, kwani naye alikusudia kuurekodi. Ndipo Dylan alipokiri kwamba amekwisha kuurekodi. Santuri ilipotoka 1962, Van Ronk aliuacha wimbo, kwa kuwa wasikilizaji walidhani anamwiga Dylan. Mwaka 1964 The Animals wa Uingereza waliuimba kwa mtindo wa roki, ukashika nafasi ya kwanza kwao na Marekani. Dylan naye akaonekana mwigaji, akauacha. Katika santuri hiyo mpangilio uliandikwa kwa jina la mtu mmoja, Alan Price.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na ndilo lililoimeza silsila nzima.

Van Ronk hakuweza kudai kwamba wimbo ni wake, naye aliupokea. Alichodhulumiwa ni zamu yake. Wimbo wa kijadi ni amana: aupokeaye ana ruhusa ya kuuimba, hata kuubadili, lakini anawajibika kutaja alikoupata na kutomzibia njia aliyemfundisha. Tena aombe kabla ya kutwaa, kwani aombaye baada ya kutwaa anatoa taarifa tu.