Mashine Ilikufa Kweli

Swali langu ni hili: mtu anaweza kusema jambo la kweli tupu, na bado akawa anadanganya? Sikulipata swali hili shuleni. Nilishia Senior Four, na mambo ya falsafa hatukufundishwa. Nililipata ndani ya mashine ya mtumbwi, farasi 8, iliyokuwa imelala chini ya kitanda cha mzee mmoja hapa Kyangwali tangu 2018.

Wengi wetu tunajua ule mwaka. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 vita vya Ituri vilitusukuma mpaka ufukweni, na ziwa Albert likawa njia pekee. Upana wake ni kilomita 30 na zaidi. Wengine walipiga kasia, wengine walipata boti za wavuvi. Sisi wa nyumbani tulipanda mtumbwi wa huyu mzee. Ulikuwa wa watu kama 12, tukaingia zaidi ya 30. Baba alitoa dola 15 na simu yake. Tulitoka usiku, tukafika Sebagoro jua likiwa juu, tumelowa mpaka mifupa. Mimi nilikuwa na miaka 16.

Mzee tunamwita Kapiteni. Mwaka huu alikuja kituo cha vijana ninapofanya kazi akasema, "Mwanangu, nyie mna vijana wanaojifunza ufundi. Nina mashine. Imekufa. Mkiiamsha mtakuwa mmejifunza, na mimi nitapata cha kula." Mgao umepungua, kila mtu anatafuta njia. Nikaona ni jambo zuri. Vijana sita, fundi mmoja anayejitolea, na mashine ya kilo 27 hivi tuliyoibeba kwa zamu. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Siku ya pili akaja mama mmoja wa block ya jirani. Alisimama mlangoni, hakuketi. Aliitambua mashine kwa kofia yake, ina kiraka cha plastiki ya bluu iliyokatwa kwenye jerikeni. Akasema, "Hiyo msiiguse."

Kumbe alikuwa nasi kwenye ule mtumbwi. Alipanda na watoto wawili. Mama yake mzazi alibaki ng'ambo kwa sababu nafasi iliisha, na Kapiteni alimwambia mbele za watu, "Nashusha hawa, narudi kuchukua waliobaki." Hakurudi. Kesho yake alisema mashine imekufa. Yule bibi mpaka leo hajulikani aliko. "Kila mwaka namuuliza," mama akasema, "kila mwaka ananiambia mashine ilikufa. Sasa nyie mnataka kuiosha. Mkishaiosha nitamuuliza nani?"

Vijana wakagawanyika. Mmoja akasema chuma hakina dhambi. Akatoa mfano wa panga: kwetu Ituri panga limelima na panga limeua, je tumeacha kulima? Msichana mmoja akamjibu, "Sawa, lakini utampa mjane panga lile lile lililomuua mume wake, umwambie palilia?" Tukanyamaza wote. Mimi ndiye kiongozi, na sikuwa na neno.

Mwisho tulikubaliana hivi: tutaifungua, lakini polepole, na kila tutakachokikuta tutamwonyesha mama kabla hatujakisafisha. Kama mashine ni shahidi, basi asikilizwe kwanza.

Tuliondoa kofia. Tukavuta kamba ya kuwashia, haikusogea hata kidogo, pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda. Tukafungua plagi mbili, zote nyekundu kwa kutu. Fundi akamulika kwa tochi ya simu: kutu ndani ya silinda, ya chini zaidi kuliko ya juu. Tukafungua kabureta. Kwenye bakuli lake hapakuwa na petroli iliyokauka tu, palikuwa na tope laini, la kijivu, kama lile la ufukweni. Mama akaingiza kidole, akalipaka kwenye kiganja, akaliangalia muda mrefu.

Basi ni kweli. Mashine ilikunywa maji ya ziwa. Kapiteni hakusema uongo.

Nikafikiri kesi imeisha. Nilikuwa na furaha hata, kwa sababu nami nilivushwa na huyu mzee, na sikutaka awe mtu mbaya. Ni jambo la kukiri hilo. Ukiokolewa na mtu unataka awe malaika, vinginevyo wokovu wako wenyewe unaanza kunuka.

Lakini fundi hakuwa amemaliza. Tulimimina mafuta ya gari na dizeli kidogo kwenye matundu ya plagi, tukaacha siku nne. Siku ya tano tukashika gurudumu la juu kwa mikono miwili, kwenda na kurudi, kidogo kidogo, likaachia. Tukazungusha. Fundi akasikiliza, akasema, "Fimbo za pistoni hazikupinda. Ingekunywa maji ikiwa inakimbia kwa nguvu, zingepinda au kuvunjika. Hii ilikunywa ikiwa imezimwa, au karibu na kuzimwa. Wimbi liliifunika pale kwenye kutia nanga." Halafu akasema neno ambalo lilibadili kila kitu: "Mashine iliyozama hivi haifi siku hiyo. Ukitoa plagi saa ile ile, ukaigeuza, ukamwaga maji, ukaosha kabureta kwa petroli, ukatia oili na kuvuta kamba mara nyingi, jioni inawaka. Kila mvuvi anajua. Inakufa kwa sababu imeachwa na maji tumboni."

Mama alikuwepo. Hakusema kitu. Alifunga kitenge chake, akaenda.

Hapo ndipo swali lilipoanza kuninyima usingizi. Chuma kilituambia nini hasa? Kilituambia kilizama. Hakikutuambia ni siku gani. Kilituambia hakikuoshwa. Hakikutuambia kwa nini. Kutu haijui kama mtu alikuwa mchoka, au hana spana, au ana hofu. Shahidi wa chuma ni mkweli sana, lakini anajua nusu. Nusu nyingine iko kwa binadamu, na huyo lazima aulizwe.

Nikaenda kwa Kapiteni jioni. Nilimsalimu, nikaketi chini, maana ni baba yangu kwa umri. Nikamwambia tuliyoyaona. Nikamuuliza, "Papa, siku ile ulikuwa na spana ya plagi?"

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Akasema, "Nilikuwa nayo mfukoni."

Halafu akaeleza. Kwamba wimbi lilipoifunika mashine, kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Ng'ambo risasi zilikuwa zinakaribia. Alishavuka mara tatu wiki ile. Alijua akiifungua itawaka, na ikiwaka itabidi arudi, kwa sababu aliahidi. Basi hakuifungua. Aliketi kwenye mchanga akaiangalia ikifa. "Watu walipouliza, niliwaambia imekufa. Na ilikuwa imekufa."

Nataka tufikirie hapa pamoja, na tusikimbilie kumhukumu. Wapo watakaosema: alishawavusha mamia, hakuwa na deni kwa mtu yeyote, nani anaweza kumlazimisha mtu arudi kwenye risasi? Mimi nakubali. Kama angesema, "Naogopa, sirudi," nadhani hakuna hata mmoja wetu angekuwa na haki ya kumtupia jiwe. Woga si kosa, mimi mwenyewe nilikuwa chini ya turubai nimejificha uso. Tena kama angesema hivyo mapema, yule mama angejua. Labda angelipa mtu mwingine. Labda angerudi mwenyewe, labda angekufa, sijui. Lakini uamuzi ungekuwa wake. Kwa neno "imekufa" aliambiwa asubiri fundi, asubiri spea, asubiri kesho. Alisubiri siku tisa ufukweni Sebagoro.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni ndiyo. Sababu ya kweli inaweza kufanya kazi ya uongo, pale tunapoiweka mbele ili isimame mahali pa sababu nyingine. Mashine ilikufa, kweli. Lakini mashine haikuwa ndiyo sababu ya kutorudi. Ilikuwa kichaka cha kujifichia. Na kichaka cha kweli ni kizuri kuliko cha uongo, kwa sababu mtu akija kukagua anakuta majani halisi.

Naandika haya kwa sababu nimejikuta humo. Mwaka jana kijana mmoja aliniomba barua ya kumsaidia kwenye nafasi ya masomo. Siku ya mwisho umeme wa kituo ulikatika. Nilimwambia, "Umeme ulikatika." Ulikatika kweli, saa kumi jioni. Lakini barua ningeweza kuiandika asubuhi, na sikuiandika kwa sababu nilikuwa nimechoka kuandika barua zisizojibiwa. Nafasi ilimpita. Mpaka leo ananisalimu vizuri, analaumu umeme.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma gazeti letu, msinikasirikie. Nanyi mna mashine zenu. "Mfumo umekataa." "Gari halikupatikana." "Jina halionekani kwenye orodha." Najua mara nyingi ni kweli, nimekaa upande wenu wa meza na nimeona kompyuta ikigoma. Siulizi kama ilikufa. Nauliza kama spana ilikuwa mfukoni. Na kama mlichoka, au bajeti iliisha, au hamkuthubutu kumuuliza mkubwa wenu, tuambieni hivyo. Mtu aliyeambiwa ukweli wote anaweza kutafuta njia nyingine. Mtu aliyeambiwa nusu anakaa ufukweni.

Kazi ya mashine tuliimaliza. Tundu dogo la kabureta tulilizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, maana ukitumia kitu kinene unaliharibu. Platini tulizipitisha msasa laini mpaka cheche ikawa ya bluu. Tulishusha mguu tukakuta mpira wa pampu ya maji umekauka kama kigae, mabawa yake yamevunjika, tukaagiza mwingine Hoima. Oili ya gia ilikuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yaliingia, tukabadili sili. Petroli lita 5, oili mililita 100. Tukaifunga kwenye pipa lililojaa maji, kwa sababu mashine hii inapozwa na maji, ukiiwasha kavu unaiua mara ya pili. Kamba ya kumi na saba ikakohoa. Ya ishirini na kitu ikawaka, ikatoa moshi ukajaa uwanja, halafu ule uzi mwembamba wa maji ukaruka ubavuni. Vijana wakapiga kelele, "Inakojoa! Inakojoa!" Wengine walicheza.

Lakini kabla ya siku hiyo, Kapiteni alikwenda kwa yule mama. Hatukumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba hatutaiwasha kabla hajaenda. Sikuwepo, nilisimuliwa na mtoto wake. Mzee alisimama uani, akavua kofia, akasema yote, pamoja na spana. Mama akamuuliza, "Kwa hiyo ni wewe, si mashine?" Akajibu, "Ni vyote viwili, mwanangu. Lakini mimi ningeweza kufunguliwa." Mama akamwambia aondoke. Baadaye akamtuma mtoto ampelekee kiti alichokuwa amekisahau kumpa, lakini mzee alishafika njiani.

Sijui kama amemsamehe, na si kazi yangu kuuliza. Siku ya kuwasha hakuja. Wiki iliyofuata alikuja kituoni kumwandikisha binti yake kwenye darasa la ufundi. Akapita karibu na mashine, akaigusa kile kiraka cha bluu, akasema, "Hiki msibadilishe."

Hatujakibadilisha.