Harimu ya Kisima Chetu

Limeletwa mbele ya darasa yetu suali ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, ili faida yake iwafikie na wasiohudhuria. Muulizaji asema: "Twasikia watu wakihimizwa kuchangia miti ipandwe Kitui na Makueni. Sisi ni watu wa mwambao. Huko hatuna mashamba wala makaburi ya wazee wetu. Jee, kutoa kwetu ni hisani tu, apendaye hutoa na asiyependa huacha, au liko jambo linalotupasa?"

Suali hili ni zuri, na jawabu yake yataka kwanza tujue maji tunayotawadhia yatoka wapi.

Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, na huletwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, lililotandazwa katika miaka ya 1950. Lakini Mzima si mwanzo wa maji hayo. Mwanzo wake ni Milima ya Chyulu, ambayo upande wake mmoja umo Makueni. Milima hiyo ni ya majivu na mawe ya volkano, wala haina mto upitao juu yake mwaka mzima. Mvua inyeshayo huko, na ukungu unaonaswa na msitu wa vileleni, huzama ardhini, kisha maji yakaenda chini kwa chini makumi ya kilomita mpaka yakatokea Mzima, safi na baridi. Vilevile mto wa Athi, upitao baina ya Makueni na Kitui, ndio huohuo tunaouita Sabaki unapoingia baharini karibu na Malindi. Bahari ya Malindi inapogeuka rangi ya udongo wakati wa mvua, udongo ule ni ardhi ya watu wa bara iliyokosa mizizi ya kuishika.

Mtu akiisha kuyajua hayo, na afungue kitabu cha fiqhi, mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba kisima kina harimu yake, yaani eneo linalokizunguka ambalo mtu mwengine hawezi kulimiliki kwa kulihuisha, kwa kuwa manufaa ya kisima hayatimii bila ya eneo hilo. Na walipofika kwenye mifereji ipitayo chini ya ardhi, hawakuipima harimu yake kwa dhiraa. Wamesema ni pale ambapo lau patachimbwa, maji yatapungua au mfereji utaporomoka. Basi kipimo chao ni madhara, si masafa.

Hatusemi kwamba Chyulu ni milki ya watu wa Mombasa. Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Twachukua maana tu, na maana yake ni kwamba kisima hakiishii ukingoni mwake. Kila mahali ambapo kuharibika kwake kutayapunguza maji, hapo ni katika kisima. Aliyesema kwamba huko bara hatuna kitu, basi hajakijua kisima chake.

Lakini hapa yatupasa tujihadhari, kwani mtu aweza kuifahamu harimu kuwa ni ruhusa ya kuwaamrisha wengine: msikate, msilishe, msichome. Ukambani imeyaona hayo zamani. Katika mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao kwa hoja ya kuihifadhi ardhi isimomonyoke. Na Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos. Watu walikwenda kwa maelfu mpaka Nairobi kulalamika, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu, mji wa mwambao wetu. Hoja ya ardhi ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini iliposhikwa kwa dhuluma iligeuka kuchukiwa. Watu haohao, walipoachiwa wafanye kwa hiari yao, walichimba matuta katika mashamba yao kwa vikundi vyao vya kazi viitwavyo mwethya, na utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu wa Machakos wameongezeka mara nyingi, na ilhali ardhi yao yamomonyoka kidogo kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1930. Namna ya matuta waliyoyapenda yaitwa "fanya juu", kwa kuwa udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro. Jina la Kiswahili, na kazi ya mikono ya Wakamba.

Na katika mwezi wa Januari 2018 serikali ya Kitui ilipiga marufuku makaa na mchanga kutolewa nje ya kaunti hiyo. Mwezi uliofuata lori la makaa lilichomwa moto njiani, na ugomvi ukaingia baina ya makabila. Twauliza: ni nani aliyeukata mti wa Kitui? Yule aliyeshika shoka, ambaye mvua imemkosa na karo ya mtoto yamdai? Au yule wa mjini ambaye kila jioni huagiza gunia jengine? Mwenye kununua ndiye mwenye kuliajiri shoka. Na ikiwa mnunuzi aweza kupikia kitu chengine, na mchomaji hana chengine cha kula, basi mzigo wa mnunuzi ni mzito zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu.

Kwa hivyo jawabu yetu ni hii. Tunachopeleka Kitui na Makueni si hisani ya tajiri kwa maskini, bali ni haki ya jirani. Mtu anapojizuia kuukata mti wake ili maji yasipungue, naye ana njaa, huwa amebeba gharama ya kisima ambacho sisi ndio twanywa. Kumwachia aibebe peke yake ni dhuluma. Wala asiseme msemaji kwamba wengi wao si Waislamu. Maulamaa wamethibitisha kwamba jirani asiye Muislamu anayo haki ya ujirani kamili. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, chochote kinachokula humo, kiwe ndege, mtu au mnyama, kwake ni sadaka. Hakumbagua mlaji.

Ama namna ya kuitimiza haki hii, twaonelea mambo matatu.

La kwanza ni maji yenyewe. Mtume (s.a.w.) alitosheka kutawadha kwa mudi moja, kiasi cha kibaba. Nasi twaona katika misikiti yetu mtu hufungua mfereji, akazungumza na mwenziwe, na maji yakenda.

La pili ni makaa. Mwenye uwezo wa gesi na apikie gesi. Asiye na uwezo na atumie jiko lenye udongo ndani, aroweke maharagwe usiku, na afunike sufuria. Haya ni madogo, lakini gunia hupungua kwa madogo.

La tatu ni miti, na hapa twasisitiza kutunza kuliko kupanda. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na Rais alikwenda Makueni kupanda. Wakati ulichaguliwa vyema, kwani Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ya vuli, si masika kama kwetu. Lakini mche haujui sikukuu. Wataka mtu wa kuuzuilia mbuzi na kuunywesha jua linapowaka. Uko mti wa kwao uitwao mukau, wa ukoo mmoja na mwarobaini wetu, wenye kustahimili ukame, na mbao zake mchwa haziwezi. Mbegu yake imo ndani ya kokwa gumu, haioti upesi mpaka mkono ulipasue kwa uangalifu. Basi michango yetu na isiishie katika bei ya miche. Iwe pia ujira wa wanaoitunza, msimu baada ya msimu, kwa mapatano na vikundi vya huko, wao wakiwa ndio wenye kuamua na wenye kuvuna.

Mti uliopandwa ukaachwa ufe haukukihifadhi kisima. Na kisima hiki ni amana iliyo baina yetu na watu ambao wengi wetu hatutaonana nao duniani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.