Elimu ya Mkono: Alumini na Maana ya Kujua

Kitenzi "kujua" cha Kiswahili hakimtenganishi anayejua kwamba alumini huyeyuka na anayejua kuiyeyusha, na neno "ujuzi" limezaliwa nacho. Ilhali mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alihitaji sura nzima kuonyesha kwamba uwezo wa kutenda jambo hautokani na kuzijua kanuni zake. Hata hivyo Kiswahili hakijalimaliza suala hilo, kwani msemaji wake huyohuyo humwita mwenye vyeti "msomi" na mchomeleaji wa Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, "fundi" tu, kana kwamba "fundi" na "kufundisha" si maneno ya ukoo mmoja.

Uchomeleaji wa TIG, yaani ule ambao mwali wa umeme huwaka kati ya metali na ncha ya tangisteni isiyoyeyuka, ukikingwa na gesi ya agoni ili hewa isipenye, unaonyesha ugumu ulipo. Aliyezoea chuma huja na mazoea yanayompotosha, kwa kuwa chuma humwonya kwa wekundu kabla ya kuyeyuka, lakini alumini haimwonyi, na juu yake hukaa oksidi, yaani utando unaotokea metali inapokutana na hewa, ambao huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi wakati metali yenyewe huyeyuka kwenye 660. Ndani huwa maji, nje hakuna dalili, na rejeta ya alumini inayochomelewa hutoboka ghafla. Ndiyo sababu hutumika umeme wa mkondo geu, ambao kwa zamu huvunja utando na kupeleka joto. Maelezo haya hukaririwa kwa siku moja, na aliyeyakariri bado hawezi kuunga hata inchi moja, maana mkono mmoja hushika tochi, wa pili hulisha waya, mguu hupunguza umeme kwa pedali, na ncha ikigusa tu metali iliyoyeyuka huchafuka, ikabidi inolewe upya.

Je, kisichokaririka kiitwe elimu? Kurani (21:80) inaeleza kwamba Daudi alifundishwa kutengeneza deraya, na kitenzi cha Kiarabu kilichotumika hapo ni cha shina lililokipa Kiswahili neno "elimu", kikifuatwa na neno lililokuja kuwa "sanaa": viwili vinavyotenganishwa leo vimekaa katika aya moja, na cha pili ndicho kinachofundishwa.

Kama hiyo ni elimu, basi yapasa kupimwa: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na hapo ndipo mizani ya haki inapopatikana, mradi mtahini asiridhike na majibu ya karatasi. Kiungo kikikatwa na kukunjwa kwenye jiliwa, vitundu na nyufa vilivyojificha ndani huonekana kwa macho, awe aliyekichomelea amesoma au hakusoma.