Kivuli hakisemi jina

Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya duara la mwanga lenye giza katikati. Wanasayansi walikuwa wameunganisha darubini za redio za mabara kadhaa kutazama kiini cha galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi. Watu wakasema: hili ndilo shimo jeusi.

Lakini shimo lenyewe halikuonekana. Kilichoonekana ni kivuli. Mwanga unaopita karibu mno na kitu kizito namna ile hupindwa, mwingine unanaswa moja kwa moja. Giza lile ni pana kuliko shimo lenyewe, karibu mara 2.5.

Sasa hapa ndipo paninisumbuapo. Shimo jeusi lina mpaka usio na njia za panya: ukiuvuka hurudi, hata mwanga haurudi. Ila kuna wataalamu waliopiga hesabu za vitu vingine, vizito na vilivyosongamana karibu vilevile, visivyo na mpaka huo. Baadhi yake, kama vipo kweli, vingetoa kivuli kinachofanana. Ndo maana wanasayansi waliandika kwamba picha inalingana na shimo jeusi. Mwaka 2022 wakaonyesha kitu cha katikati ya galaksi yetu, wakapunguza dhana moja: kingekuwa na uso unaopata joto, ungeng'aa kuliko walivyoona.

Hapa kambini tuna jirani asiyesema anatoka kijiji gani. Ukimuuliza, anainama, anaendelea kusugua sufuria. Pale bombani tulishamhukumu: "Anaficha kitu huyo, alishika bunduki." Na mimi nilisema. Niliona kivuli, nikakipa jina. Kumbe mwenye hatia hunyamaza, na mwenye msiba naye hunyamaza.

Utaniambia: mwenye faili mezani lazima aamue, foleni ni ndefu. Kweli. Hata wanasayansi wengi wanaamini lile ni shimo jeusi. Sisemi asiamue. Nasema aandike alichokiona, asiongeze, na aache nafasi ya kuuliza tena. M87 haiumii tukiikosea jina. Mtu anaumia, na watoto wake pia.

Jirani yangu bado hajasema anakotoka. Siku hizi wakiniuliza habari zake pale bombani, najibu: sijui.