Gurudumu Halina Deni Nawe

Mtoto wa kaka yangu alifika kwangu Tanga Ijumaa moja jioni, daftari la mwanafunzi wa msingi likiwa limeviringishwa ndani ya koti lake la bodaboda. Aliniamkia, akanywa maji, kisha akalifungua daftari magotini mwake. Kurasa kumi na moja zilijaa nukta. Nyekundu alizitia kwa kalamu nyekundu, nyeusi kwa kalamu nyeusi, na hapa na pale palikuwa na nukta ya buluu. Ndivyo gurudumu la ruleti lilivyozunguka, usiku baada ya usiku, katika kasino moja ya Dar es Salaam ambako alianza kwenda akimaliza kazi.

"Shangazi, kuna hesabu nimeipata. Wewe mwalimu, hebu nitazamie kama iko sawa."

Hesabu yenyewe ni hii. Unaweka 1,000 kwenye nyekundu. Ukiliwa, unaweka 2,000. Ukiliwa tena, 4,000, kisha 8,000, na kuendelea, kila mara maradufu. Siku zote nyekundu itatoka mwishowe, na ikitoka unarudishiwa yote uliyoliwa na faida ya 1,000 juu yake. "Nyeusi haiwezi kutoka milele," aliniambia. "Ni subira tu. Si wewe uliyetulea na mvumilivu hula mbivu?"

Neno hilo lilinichoma. Ningeweza kumjibu kwamba kamari ni haramu na mazungumzo yakaishia hapo, maana kwangu mimi dini imeufunga mlango huo zamani. Lakini hilo alilijua tangu chuoni, na halikumzuia. Amenijia na swali la hesabu, nami nimefundisha hesabu miaka 31. Swali la hesabu lina haki ya kujibiwa kwa hesabu.

Nikaliteremsha kabatini kopo la vifungo la marehemu mama, aliyekuwa fundi cherehani. Tukahesabu vifungo 18 vyekundu na 18 vyeusi, vyote vya ukubwa mmoja, na kimoja cheupe. Jumla 37, sawasawa na vyumba vya gurudumu la ruleti ya Ulaya: namba 1 hadi 36, na sifuri. Cheupe ndicho sifuri. Sifuri si nyekundu wala si nyeusi, na ikitoka, aliyeweka nyekundu analiwa na aliyeweka nyeusi analiwa.

Kabla hatujaanza nilimwomba afikirie jambo moja. Tuseme watu 37 wamezunguka meza, kila mmoja ameweka 1,000 kwenye namba yake, na hakuna namba iliyoachwa. Mezani zipo 37,000. Mmoja wao lazima ashinde. Kasino inamlipa mara 35 ya dau lake, yaani 35,000, na kumrudishia 1,000 yake. Anaondoka na 36,000. "Na elfu iliyobaki?" nilimuuliza. Akaangalia vifungo, akaangalia daftari. Elfu hiyo ni ya mwenye meza, kila gurudumu linapozunguka, bila wizi wala sumaku chini ya meza. Ni asilimia 2.7, na wala haikufichwa, maana imeandikwa ndani ya malipo yenyewe. Yako magurudumu ya Kimarekani yenye sifuri mbili, na hapo sehemu ya mwenye meza inapanda hadi asilimia 5.26.

Tukacheza. Mtaji wa kuandika tu, 100,000. Anatikisa kopo, anachomoa bila kutazama, anaandika, anakirudisha kifungo. Alikwenda vizuri sana. Elfu, elfu nyingine, mpaka akafika 114,000, na uso ukamchangamka kama wa mtoto siku ya Idi. Kisha ikaja nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Nyeupe. Nyeusi. Nyeusi. Mara sita, na 63,000 zimekwenda. Dau lililotakiwa sasa lilikuwa 64,000, na yeye amebakiwa na 51,000.

"Sasa nyekundu lazima itoke," alisema.

"Kopo halijui kilichotoka jana wala dakika iliyopita."

Akatikisa, akachomoa. Nyekundu. Akaruka kutoka kwenye mkeka. "Si nilikwambia!"

Nakiri hapo ndipo somo lilipokuwa gumu, na kwa miaka yote darasani sikuwahi kulitazama kwa karibu hivyo. Kifungo chekundu hakikutoka kwa sababu vyeusi vilikuwa vimezidi. Kilitoka kwa sababu viko 18 katika 37, kama vilivyokuwa mwanzo. Lakini mtu anayeamini kwamba zamu yake imefika atapata ushahidi karibu nusu ya mara zote. Gurudumu humkubalia uongo wake mara 18 katika kila 37, na mara hizo ndizo anazozihadithia kijiweni. Mwalimu anayempa tiki mwanafunzi kwa kubahatisha jibu anamharibu kuliko anayemtia mkasi.

Nikamhadithia habari ya Monte Carlo. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya mji ule, kijipira kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walijazana mezani. Kadiri nyeusi ilivyorudia ndivyo walivyozidi kuweka nyekundu, wakiamini kwamba kila mzunguko umewasogeza karibu na haki yao. Walipoteza mamilioni ya faranga. Wale hawakuwa wajinga wala wavivu. Walivumilia na kung'ang'ania, wakangoja mbivu.

Tangu usiku ule nimekuwa nikilifikiria hili. Methali zetu za subira zimezaliwa shambani na baharini, mahali ambapo dunia inakumbuka. Ukitia samadi leo, ardhi itaikumbuka masika ijayo. Mvuvi anayekwenda kila siku anaijua miamba na mikondo kuliko aliyekwenda mara moja. Mshonaji wa shati la mia hakosi kumshinda mshonaji wa shati la kwanza. Haba na haba hujaza kibaba kwa sababu kibaba kina kitako. Mezani hakuna kinachokumbuka jasho lako. Mzunguko wa elfu moja ni mpya kama wa kwanza, na kinachojikusanya haba na haba ni ile asilimia 2.7 ya mwenyeji. Aliyelelewa vizuri, akafundishwa kutokata tamaa, ndiye anayekaa mezani hadi alfajiri. Tumewapa watoto wetu adabu nzuri bila kuwaonyesha ni wapi adabu hiyo haifai kupelekwa.

Aliniuliza, kwa unyenyekevu sasa, kama upo mchezo mwingine ulio afadhali. Nilimjibu ukweli, kwa sababu kuficha ni kumsukuma kwenda kuulizia kwa mwingine. Ndiyo, bei hutofautiana. Katika karata za ishirini na moja, mchezaji anayejua kila hatua iliyo sahihi huachia takriban nusu ya asilimia tu, mradi ishirini na moja ya karata mbili za mwanzo inalipwa 15,000 kwa dau la 10,000. Meza inayolipa 12,000 kwa dau hilohilo ikimbie. Katika bakara, nao mchezo wa karata, kuweka upande wa benki kunagharimu asilimia 1 na kidogo, lakini kuweka sare, ambako malipo yake yanavutia macho, kwa kawaida kunagharimu zaidi ya asilimia 14. Anayecheza kwa akili anaipunguza bei, haifuti. Anayeweka 1,000 mara 40 kwa saa kwenye ruleti ya sifuri moja amezungusha 40,000, na kwa wastani amelipia kiti chake 1,080 kwa saa. Akiihesabu kama nauli ya kivuko, fedha iliyokwisha kutoka mfukoni, atarudi nyumbani na akili yake. Akiihesabu kama deni analodai, harudi.

Sayansi yenyewe ya uwezekano ilikua kutokana na maswali ya wacheza kamari. Mwaka 1654 Pascal na Fermat waliandikiana barua kule Ufaransa juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatika katikati. Sisi tumeipeleka kidato cha nne, tukaijaza dadu na sarafu, na mimi mwenyewe niliifundisha mwaka baada ya mwaka bila kulitamka neno kamari hata mara moja. Niliona aibu kulitaja mbele ya watoto. Sasa kamari iko ndani ya simu za watoto walewale, na hesabu niliyowapa wameiacha kwenye chumba cha mtihani. Hilo linaniuma, na nalisema hapa ili walimu wenzangu walio bado kazini wanisikie.

Baada ya chakula alirudi na swali la mwisho. "Na kama ningekuwa na milioni?"

Tukakaa na karatasi. Kwa laki moja, kuliwa mara sita mfululizo kunamvunja, na hilo hutokea takriban safari moja katika kila 55, ukihesabu safari tangu dau la mwanzo la 1,000 hadi nyekundu itoke au mtaji ukwame. Safari 54 zinampa elfu moja moja, 54,000, na ile moja inamtoa 63,000. Kwa milioni anahimili mara nane, ya tisa inamvunja, na kuvunjika kunasogea hadi safari moja katika 403 hivi. Anapata 402,000, anapoteza 511,000. Mtaji mkubwa ulimnunulia muda tu, na shimo likawa refu zaidi. Tena meza nyingi zina kikomo cha dau, kwa hiyo hata mwenye mamilioni atafika mahali akatazwe kuongeza maradufu.

Hakusema kitu. Alizirudia hesabu kwa mkono wake, mstari kwa mstari, akinitafutia kosa. Nilimwacha na taa, kopo na lile daftari lake, nikaenda kuswali Isha, kisha nikalala. Usiku wa manane nilizinduka. Sebuleni vifungo vilikuwa vinatikiswa koponi, kimya kidogo, kalamu ikikwaruza karatasi, kisha vikitikiswa tena.