Mukasa Hakumwagiwa Maji

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, kule Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana wanne wa ikulu ya Kabaka Mwanga, Kizito akiwemo. Mukasa Kiriwawanvu hakuwa nao. Alikuwa kifungoni, mkatekumeni tu. Tarehe 3 Juni alichomwa moto Namugongo, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akamtangaza mtakatifu.

Basi nikiambiwa ati asiyebatizwa haoni mbingu, huuliza: na huyu je? Jibu liko tayari, na si baya: kuna ubatizo wa damu, na kuna ubatizo wa tamaa kwa aliyeyatamani maji akafa kabla. Sawa. Lakini mtoto wa siku tatu hajui kutamani. Shangazi yangu alimzika wake bila misa, kwa kuwa katekista alisema asiyebatizwa haombewi kanisani. Aliuliza swali moja tu: yuko wapi sasa?

Augustino angemjibu kwa ukali: yuko kwenye adhabu, ingawa nyepesi kuliko zote. Waliokuja baadaye wakaona hilo ni zito mno, wakamtafutia limbo, mahali pasipo mateso wala uso wa Mungu. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ikasema kuna sababu za kutumaini kwamba watoto hao huokolewa. Kutumaini, si kujua. Hebu mwambie mama hivyo kaburini.

Mimi naona jibu lilikuwa kwenye kalenda zamani. Kila tarehe 28 Desemba Kanisa huwaadhimisha watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Hawakubatizwa, hawakutamani, hata jina la Kristo hawakulijua. Utasema walikufa kwa ajili yake. Lakini nia hiyo ilikuwa ya Herode, si yao! Ikiwa chuki ya mfalme haikuwazuia wasifike, na pengine ndiyo iliyowafikisha, sioni kwa nini mapenzi ya mama aliyekwisha kuchagua hata msimamizi wa ubatizo yashindwe. Sheria ya Kanisa ya 1983 yenyewe inamruhusu askofu kukubali mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walinuia kumbatiza. Shangazi hakuna aliyemwambia.

Nitaulizwa: maji ya nini basi? Ni swali la haki. Kizito alikuwa na miaka kama 14, kifo kinamkaribia, na damu yake ingemtosha. Bado aliyataka maji, na Lwanga hakumwambia asubiri damu.