Jumatano: Mgonjwa Si Mshtakiwa

Soma Yohana 9:1–3 na Wafilipi 2:25–30. Yesu alilijibuje swali la wanafunzi? Paulo aliagiza mgonjwa apokeweje?

Mshiriki wa kanisa anapogundulika kuwa na kisukari au saratani, mara nyingi maswali hutangulia maombi: “Alikuwa anakula nini? Alifuata kanuni za afya?” Zamani wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, leo huulizwa ni nani aliyevunja kanuni.

Kanuni zenyewe ni za kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda waliwafuatilia maelfu ya Waadventista wa California, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo: wanaume Waadventista waliishi wastani wa miaka 7 hivi zaidi ya wakazi wengine waliolinganishwa nao, na wanawake zaidi ya miaka 4. Kutovuta sigara, vyakula vya mimea, mazoezi na uzito wa kadiri vilichangia sana.

Lakini huo ni wastani. Tabia njema hupunguza hatari, haziiondoi. Mtu hurithi udhaifu wa mwili, huvuta hewa asiyoichagua, na huishi katika ulimwengu ulioharibiwa na dhambi. Hata Elisha, nabii wa Mungu, alikufa kwa ugonjwa (2 Wafalme 13:14). Epafrodito aliugua karibu ya kufa, na Paulo hakumhoji. Aliagiza apokewe kwa furaha na kuheshimiwa.

Je, vipi kuhusu yule ambaye ugonjwa wake umetokana na mazoea yake? Kwenye birika la Bethzatha, Yesu alimponya kwanza mtu yule. Onyo lilikuja baadaye (Yohana 5:8, 14). Rehema ilitangulia, wala ukweli haukufichwa.

Kanisa linapogeuza utaratibu huo, ugonjwa huwa aibu. Mgonjwa huficha vidonge vyake vya shinikizo la damu, huchelewa kwenda hospitali, na hatimaye huacha kuomba maombi. Hivyo kanuni iliyotolewa ili kuokoa uhai hutumika kuuhatarisha.

Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20), na kila mtu ni wakili wa mwili aliopewa. Lakini wakili hutoa hesabu kwa Bwana wake, si kwa jirani yake. Mwenye afya hana la kujisifia, kwa kuwa hata nguvu za kuchagua mema amezipokea. Kanuni za afya ni za kupimia sahani ya mtu mwenyewe. Kwa sahani ya mwenzake, hasa akiwa mgonjwa, kinachohitajika ni mkono wa kumpikia.

Kanisani kwako, mgonjwa hupokea nini kwanza: maswali au msaada? Ni badiliko gani moja unaloweza kulianza wiki hii, katika mazoea yako mwenyewe na katika namna unavyowatembelea wagonjwa?